Haki Hailipwi kwa Jina la Zawadi

Yako maneno ambayo sisi Waswahili tunayapenda mno hata hatuyachunguzi. Mojawapo ni hili la kusema kwamba baina ya marafiki hakuna hesabu. Wakute vijana watatu barazani, wamekubaliana kutunga hadithi ya picha na kuitoa mtandaoni, kisha waulize: wahusika watakuwa mali ya nani? Nani ataamua hadithi iishie wapi? Ikipatikana senti itagawiwaje? Watakutazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Watakwambia, sisi ni ndugu. Na hapo mjadala huwa umekwisha kabla haujaanza.

Nataka kuupinga usemi huo, tena waziwazi, kwani naona unawala vijana wetu wenye vipaji mmoja baada ya mwingine. Katuni mpya huzaliwa katika simu zetu kila uchao. Hutoka sehemu ya kwanza, ya pili, ya tano. Wasomaji huanza kuzoea. Kisha hukatika ghafla, wala hapatikani wa kueleza. Tumezoea kusema kwamba vijana hawana subira, au kwamba bando ni ghali, au kwamba Waswahili hawasomi. Sababu hizi zina ukweli wake, lakini nionavyo mimi si hizo ziuazo. Kazi hizi hufa kwa kuwa wawili au watatu walioianzisha wameacha kusemezana, na wameacha kusemezana kwa kuwa tangu siku ya kwanza palikuwa na jambo moja waliloona haya kulitamka.

Sisemi haya kama mtazamaji. Katuni moja iliyokufa hivyo ilikuwa yetu, na aliyeiua ni mimi.

Tulikuwa watatu, tuliosoma pamoja katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Wilaya ile ina majimbo mawili ya uchaguzi, Kilosa na Mikumi, na sisi tulikuwa watoto wa pande zote mbili. Mji wa Kilosa ni mji wa reli ya kati. Mikumi ni mji wa barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, baada ya kuikata hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Kati ya miji hiyo miwili kuna barabara ipitayo Ulaya, na Ulaya hii ni kata ya Kilosa, ambayo imetupa utani mwingi utotoni. Mchoraji wetu alibaki Mikumi, akiishi kwa kuandika mabango ya maduka na migahawa ya kando ya barabara. Mtia rangi wetu alikuwa Kilosa, akifanya kazi katika duka la steshenari. Mimi, mwandishi, nilikuwa nimekwisha kuhamia Unguja, kwenye kazi ya mshahara.

Hadithi yetu ilihusu mafuriko ya Mto Mkondoa, ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyoharibu reli na kuwatoa maelfu ya watu wa Kilosa majumbani mwao, wakaishi katika mahema. Tulimtunga mtoto aliyepoteana na mama yake usiku wa maji, akawa anamtafuta kutoka hema hadi hema, kisha hadi stendi ya Mikumi.

Kazi ilikwenda hivi. Mimi niliandika maelezo na mazungumzo nikayatuma kwa simu. Mchoraji akayachora kwa wino juu ya karatasi, maana hakuwa na kifaa cha kuchorea kwenye kompyuta, akazitia karatasi katika bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi la Kilosa. Mtia rangi akaipokea bahasha stendi, akaziskani karatasi baada ya saa za kazi, akatia rangi kwa kutumia kompyuta ya dukani kwa ruhusa ya mwenye duka, kisha akanitumia Unguja. Nami nikaweka maneno ndani ya viputo vya mazungumzo na kupandisha ukurasa mtandaoni.

Ukurasa mmoja ulinichukua mimi saa moja kuuandika, pengine pungufu. Mchoraji ulimchukua siku mbili. Kuandika "umati wa watu umesimama topeni, mvua inanyesha" ni maneno saba. Kuyachora ni usiku mzima wa nyuso, vitambaa vilivyolowa na miguu iliyozama. Tena mimi nilikuwa na mshahara unaoingia kila mwezi, nichore nisichore. Kwake yeye siku mbili za kuchora zilikuwa mabango mawili ambayo hakuyaandika, na kwa hiyo hakuyalipwa. Neno la siri la ukurasa nililijua mimi peke yangu. Na juu ya kila sehemu niliandika jina langu kwa herufi kubwa, kisha chini yake, kwa herufi ndogo: "pamoja na marafiki".

Katika mwaka wa pili, kurasa zilipofika 61, taasisi moja iliomba kuzichapa 20 kati ya hizo katika kijitabu cha kuwafundisha watoto tahadhari za mafuriko. Ilitulipa shilingi 1,200,000. Fedha hizo zilitumwa kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu. Nikatoa gharama za tovuti, nikatengeneza kompyuta yangu, nikajilipa usiku niliokesha. Nikamtumia mchoraji shilingi 200,000 na mtia rangi 100,000, pamoja na ujumbe: "Pokeeni zawadi yenu kidogo." Wote wawili walijibu kwa shukrani. Bahasha iliyofuata haikuja.

Nilingoja wiki mbili, kisha mwezi. Nikiuliza naambiwa ni mvua, naambiwa ni homa, naambiwa kazi za mabango zimekuwa nyingi. Nami badala ya kujiuliza nilikwenda kuwaambia rafiki zetu wa Unguja na wa Morogoro kwamba yule bwana ni mvivu. Kapata jina mtandaoni na limempanda kichwani. Jina lipi? Jina lake halikuwamo.

Ikapita miaka mitatu. Nikaenda Mikumi kwa msiba, nikamkuta mazikoni amebeba jeneza pamoja na wengine, tukasalimiana kama watu wasio na neno. Siku ya tatu alinikaribisha chumbani kwake. Akafungua sanduku akatoa daftari la shule, na ndani yake mlikuwa na orodha: tarehe, idadi ya karatasi, nauli ya bahasha, bei ya wino, siku alizofanya kazi. Kila bahasha ilikuwamo, tangu ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini hakunionyesha siku zote zile. Akajibu kwa upole, "Kaka, nilikuwa nangoja uulize."

Sasa nirudi kwenye hoja. Kosa langu halikuwa tu kumpunja, ingawa nilimpunja. Kosa kubwa lilikuwa lile neno "zawadi". Mwenye kupewa zawadi hana la kufanya ila kushukuru; akiuliza kwa nini ni ndogo huonekana hana adabu. Mwenye kupewa haki ana ruhusa ya kuihesabu, na ikipungua ana ruhusa ya kusema imepungua. Kwa neno moja nilimpokonya ruhusa hiyo, na nilifanya hivyo huku nikijiona mkarimu. Hivi ndivyo usemi wa "sisi ni ndugu" ufanyavyo kazi: humpa mwenye kushika fedha heshima ya mtoaji, na humvisha mwenye kudai aibu ya mchoyo.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu mimi mwenyewe niliyatumia yote. Nayachukua moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Hili husemwa na watu ambao wote walioa au kuolewa kwa mahari yaliyotajwa na mashahidi waliokaa mbele ya sheikh. Je, kuna bwana harusi aliyewahi kusimama akasema, kwa nini mashahidi, kwani hamniamini? Hayuko. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni: inawataka waumini waliandike, wawe na mwandishi mwadilifu na mashahidi, wala wasione uzito kuliandika, liwe dogo au kubwa. Wanaoambiwa hivyo si maadui. Ni ndugu wa imani moja. Na wazee wetu wasiokuwa na daftari wametuachia methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali ya wezi, walisema mali. Fedha ya marafiki nayo ni mali.

Jibu la pili ni kwamba katuni zetu hazina fedha, basi tugawane nini? Hili nalo limekwisha kujibiwa na historia. Mwaka 1938 vijana wawili wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, marafiki tangu shule, walimuuza mhusika wao Superman kwa dola 130. Hapakuwa na mtu aliyedhani kuwa mhusika yule angedumu. Walikuja kushitaki, wakahangaika miaka mingi, na mwaka 1975 ndipo kampuni ilipokubali kuwapa posho ya mwaka na kuyarudisha majina yao juu ya kazi. Hao walau walidhulumika pamoja. Mfano wa Batman ni mchungu zaidi, kwani hapo mmoja alibaki nje na mwenzake akabaki ndani. Mhusika huyo alitokea mwaka 1939. Bill Finger ndiye aliyeziandika hadithi za mwanzo na kumpa mhusika mengi ya sura aliyo nayo, lakini mkataba ulikuwa wa Bob Kane, na kwa miaka mingi jina lililoandikwa ni la Kane peke yake. Finger alifariki mwaka 1974. Jina lake lilianza kutajwa rasmi mwaka 2015, yaani miaka 41 baada ya kufa kwake.

Tazama basi ubaya wa kungoja fedha zije. Kitu kisicho na thamani leo ndicho chepesi kugawana leo. Ukingoja kipate thamani, kila mmoja atakuwa amekwisha kukumbuka jasho lake na kusahau la mwenzake. Sisi, kwa shilingi 1,200,000 tu, tulishindwa.

Wala msomaji asidhani haya ni mambo ya Wamarekani na fedha zao. Tunayo historia yetu ya hadithi za picha, na imejaa kazi za watu zaidi ya mmoja. Gazeti la Sani, lililolea kizazi kizima cha wapenzi wa katuni Tanzania, liliasisiwa na watu wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na jina lenyewe limeunganishwa kutoka mwanzo wa majina yao. Hapo pana jambo la kujifunza: wawili walianza kwa kutaja majina yote mawili mlangoni. Katika kurasa za gazeti hilo alichora kijana hodari, Philip Ndunguru, ambaye Ndumilakuwili na Lodi Lofa ni wahusika wake. Alifariki mwaka 1986. Wahusika waliendelea kuishi kwa mikono ya wachoraji wengine, na wasomaji wakaendelea kuwapenda. Simshitaki mtu yeyote. Nauliza tu swali ambalo kila kundi la marafiki lingepaswa kujiuliza siku ya kwanza: mmoja wetu akifa, wahusika hawa watachorwa na nani, kwa idhini ya nani, na je, familia yake itapata chochote?

Jibu la tatu ni kwamba sheria ipo, itatuamulia. Naam, ipo, na ni vyema kuijua. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, chini ya COSOTA. Inatambua kazi iliyotungwa kwa ushirikiano kuwa ni ya watunzi wake wote, na inailinda kwa uhai wa yule wa mwisho kufa kati yao na miaka 50 zaidi. Lakini hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na ofisi yake, COSOZA. Maana yake ni kwamba kundi kama letu, mwandishi yuko Unguja na wenzake wako Kilosa na Mikumi, lina bahari kati yake na lina sheria mbili. Zaidi ya hayo, hakuna sheria ya upande wowote itakayokwambia kwamba siku mbili za kuchora zina uzito gani mbele ya saa moja ya kuandika, wala nani alipe nauli ya bahasha, wala neno la siri lishikwe na nani. Hayo sheria imeyaacha mikononi mwenu. Mkinyamaza, anayeshika simu ndiye atakayeamua.

Wenyeji wa Kilosa na Mikumi wangeweza kunifundisha jambo hili kwa reli yao wenyewe. Kutoka Kilosa ilijengwa reli ya kupitia Mikumi hadi Kidatu, yenye upana wa mita moja kama reli ya kati. Huko Kidatu inakutana na TAZARA, ambayo upana wake ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja, lakini behewa la huku halipiti kule. Wahandisi hawakusema kwamba reli zote mbili zinahudumia nchi moja kwa hiyo zitapatana zenyewe. Walipima, wakaiona tofauti, pakajengwa mahali pa kuhamishia mizigo. Marafiki nao wana tofauti zao: huyu ana mshahara, yule anaishi kwa bango la leo, huyu ana kompyuta, yule ana wino, huyu yuko mjini kwenye wachapishaji, yule yuko mbali nao. Kujifanya hatuioni tofauti hakuiondoi. Kunamtwisha mzigo mmoja wetu aubebe kichwani, tena kwa siri.

Jibu la nne ndilo linaloniudhi zaidi, maana hujivika kilemba cha utamaduni. Ni lile lisemalo kwamba sanaa ya Kiafrika ni ya pamoja, na kwamba mikataba ni tabia ya kigeni. Wanaosema hivyo hawaujui utamaduni wanaoutetea. Uchukueni utani, ambao makabila ya Morogoro yanao tangu zamani. Mgeni akimwona mtani msibani, anatania hata mbele ya maiti, atadhani hapo hakuna mpaka wala kanuni. Kumbe utani ni kanuni tupu: inajulikana nani ni mtani wa nani, kazi zipi za mazishi ni zake, na ni haki gani atakayodai kwa kazi hizo. Akidai, haambiwi ana tamaa; hupewa, kwa kuwa ni haki yake. Watu wale walijua kuutofautisha mzaha na deni. Mimi niliyesoma sikujua.

Na hapa Visiwani tunayo Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ambayo ina udugu hata katika jina lake. Imevuka karne nzima, tawala zikabadilika, waimbaji na wapigaji wakafa wakaja wengine. Je, ilidumu kwa mapenzi matupu? Ni chama, chenye wanachama na viongozi, na mpiga fidla anajulikana kuwa ni mpiga fidla na mtunzi wa maneno anajulikana kuwa ni mtunzi. Udugu wa jina ulipata mwili wa kuubeba.

Hapa niseme na wenzangu wa kalamu, maana jarida kama hili husomwa zaidi na washairi kuliko wachoraji. Sisi tumelelewa katika fasihi ya mtunzi mmoja. Mshairi wetu hulitia jina lake ndani ya shairi, katika beti za mwisho, ili lisiibwe; ni desturi nzuri na yenye hekima. Lakini tumeihamisha bila kufikiri hadi kwenye sanaa isiyokuwa ya mtu mmoja. Tunapoona hadithi ya picha tunauliza, nani kaiandika? Aliyechora tunamhesabu kama fundi aliyeitwa kupaka rangi ukuta wa nyumba ya mwingine. Ilhali katika katuni mchoro ndio maneno yenyewe. Mtoto wetu wa mafuriko alikuwa na namna ya kuinamisha kichwa anapodanganya kwamba hana njaa. Wasomaji waliniandikia wakinisifu kwa hilo. Mimi sikuwahi kuliandika. Lilitoka katika mkono wa mchoraji, na sifa nilizipokea mimi nikanyamaza.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo, na simwombi mtu radhi kwa kuyaita masharti. Marafiki wanaotaka kutoa katuni pamoja wakae siku moja, kabla ya ukurasa wa kwanza, na waandike kwa Kiswahili chao wenyewe. Kwanza, majina: yote yaandikwe, kwa herufi zilizo sawa, na kazi ya kila mmoja itajwe. Pili, mgawo: yawekwe mafungu kwa kila shilingi itakayopatikana, na mafungu hayo yafuate muda na jasho, si nani alikuwa na wazo. Wazo ni jambo jema, lakini halikeshi. Tatu, funguo: neno la siri wajue angalau wawili, na fedha ziingie mahali ambapo wote wanaweza kuona kilichoingia na kilichotoka. Nne, gharama ndogondogo, bando, wino, nauli ya bahasha, ziandikwe na zirudishwe kabla ya faida kugawiwa, kwani hizo ndizo zinazomla mnyonge kimyakimya. Tano, kuondoka: atakayechoka aruhusiwe kutoka bila kuitwa msaliti, na ijulikane anaondoka na nini na anaacha nini. Na sita, kifo, ambacho vijana hawapendi kukitaja.

Juu ya sharti la tano nina neno moja. Aliyekuwa mbunge wa Mikumi kuanzia mwaka 2015 hadi 2020, Joseph Haule, watu wanamjua zaidi kama Profesa Jay. Msanii huyu alianza na wenzake katika kundi la Hard Blasters, kisha mwaka 2001 akatoa albamu yake mwenyewe. Kundi ni kipindi katika maisha ya msanii, si kifungo. Vijana wetu wangelijua hilo mapema wasingebaki katika kazi inayowaumiza, wakijitoa kidogo kidogo kwa visingizio vya mvua na homa, mpaka urafiki wenyewe uoze.

Atasema mtu: masharti sita kwa katuni ya watoto? Namjibu: tulikuwa na sharti moja tu, la kupendana, na halikutosha kuvusha bahasha moja kutoka Mikumi hadi Kilosa.

Nimalize kwa kueleza tulipofikia, nisije nikadhaniwa nimejenga daraja nikavuka. Nilichukua lile daftari, nikapiga hesabu mbele yake, tukakubaliana deni, nikalilipa kwa miezi saba. Mtia rangi naye nimemlipa fungu lake; yeye hakuwa na daftari, nikalazimika kuamini kumbukumbu yake, kama yeye alivyoniamini mimi nilipokuwa sistahili. Nikawaendea wale marafiki niliowaambia mchoraji ni mvivu, nikawaambia nilisema uongo. Kisha nikamwomba turudi kazini, kwa hati, na jina lake likitangulia langu. Alipokea fedha, akanishukuru, akakataa. Alisema ana wateja wake sasa, na kwamba kila akimchora yule mtoto mkono wake unakuwa mzito. Sikuwa na haki ya kumbembeleza.

Ukurasa wa 61 bado upo. Mtoto amesimama stendi ya Mikumi, basi limesimama, mlango umefunguliwa, na mama hajashuka. Wasomaji wachache huniuliza mpaka leo kama atashuka. Mimi najua, maana nimeliandika. Lakini sina mkono wa kulionyesha, na kumtafuta mchoraji mwingine bila idhini ya yule wa kwanza ni kosa lile lile kwa mara ya pili.

Basi wewe uliye na kundi lako, na neno la siri liko kwako, na fedha, hata zikiwa shilingi elfu ishirini, zimeingia kwenye simu yako, usingoje mwenzako akudai. Hatakudai. Amelelewa vizuri, na wewe ni ndugu yake. Muulize wewe, tena leo: ndugu yangu, bahasha zako zilikugharimu kiasi gani?